Kaburi la Mgomba

Baba,

Barua hii isome peke yako. Nakujua: barua ikifika unavuta kiti uani, unavaa ile miwani iliyofungwa uzi, unamwita Mama aache kutwanga, majirani nao wanasogea, kisha unasoma kwa sauti yako ya kuhubiria kapelani mpaka nukta ya mwisho. Hii usiisome hivyo. Sumaili, huyu dereva wa pikipiki aliyekukabidhi, nimemwambia asiitie mkononi mwa mtu mwingine yeyote. Mpe maji ya kunywa, halafu nenda na barua shambani, ukae chini, usome pole pole.

Sasa nikusalimu inavyostahili. Hujambo, Baba yangu? Goti linakuruhusu kupiga magoti, au siku hizi unaongoza sala ukiwa umesimama na kuwaambia watu ndio utaratibu mpya? Mama anapata usingizi? Mihogo ya bondeni imepona ule ugonjwa wa majani, au mmeing'oa? Na lile bati la kapela lililobebwa na upepo, wanashirika wamelirudisha, au bado wanafanya mkutano wa kupanga mkutano? Mimi mwili wangu ni mzima. Napika kila siku hapa machimboni, bugali na maharage, na majani ya sombe siku ambayo wachimbaji wana furaha. Mvua imekatika, barabara ya kuja Wamaza inapitika. Habari nzuri zangu zimeishia hapo.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Nilipanda kilima kile tunachotafutia rezo ya simu, nikausikiliza mara mbili. Unasema nina moyo mgumu. Unasema tangu tumzike Faustini sijatuma hata neno moja la faraja kwa Mama, sijamwombea misa, nimenuna kama mtu asiyemjua Mungu, na mimi ni binti wa katekista. Unasema kaburi la mdogo wangu limekuwa shule ya imani pale kijijini. Siku ya Wafu uliwaongoza wanashirika wote mpaka pale, na Mama akaanzisha wimbo mwenyewe, yeye ambaye hakuimba tangu vita vilipomchukua kaka Leonardi. Nilikaa juu ya jiwe, simu mkononi, nikatamani kukutukana. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nitaandika bila kuzunguka, maana nikizunguka nitaacha. Katika kaburi lile Faustini hayumo. Mlizika mgomba, Baba. Niliukata mimi.

Pumzika kidogo kama unataka. Mimi nimekaa na jambo hili miezi minane, wewe unaweza kukaa nalo dakika chache kabla ya kuendelea.

Siku ile shimo lilipoanguka nilikuwa namenya mihogo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na pedeje, ndivyo tunavyomwita mwenye shimo huku, alikuwa ameambiwa udongo umelewa maji. Akasema wateremke tu, mshipa wa dhahabu uko karibu. Walikuwa watatu chini. Wawili walitolewa siku ileile, mmoja na mguu uliovunjika. Faustini alikuwa mbele yao, katika galeri, ile njia ya pembeni wanayochimba kufuata mshipa. Udongo ulikaa katikati yake na wenzake. Walimwita, hakujibu.

Sitasema wachimbaji hawakufanya kazi. Walifanya. Siku nne walipokezana, Waislamu na Wakristo, watu waliotoka Kivu na watu wa huku Kabambare, na mimi nikawapikia bila kumlaza mtu njaa. Lakini huku kuna mwiko, na wewe unaujua kwa sababu ulishawahi kuhubiri dhidi yake. Mwanamke hafiki kwenye mdomo wa shimo. Wameweka makuti ya michikichi yaliyofungwa kwenye miti, na mwanamke anaishia pale. Akivuka, wanasema, dhahabu inakimbia, au shimo linaanguka. Basi siku zote zile mdogo wangu akiwa chini, mimi nilisimama kwenye makuti na sufuria zangu, nikisubiri mtu aje aniambie kitu. Kutoka makuti mpaka shimo si mbali. Ukimwita mtu kwa sauti ya kawaida anakusikia.

Asubuhi ya siku ya tano nilipanda kilimani kupiga simu. Ulipokea wewe, ukampa Mama. Unakumbuka alivyosema? Mimi nakumbuka kila neno.

"Mauwa, miye sikule. Tangu waniambie, sikule. Nileteeni mutoto wangu. Hata mufu, nileteeni. Leonardi alipotea, sikuona hata kiatu chake. Huyu wa pili sitaweza, unasikia? Sitaweza."

Kisha ukachukua simu wewe, ukasema kwa sauti ya chini, "Hata maji anakataa, binti yangu. Fanya unaloweza." Ukaongeza kwamba tumtumaini Bwana. Sijui kama ulikuwa unaniambia mimi au unajiambia mwenyewe.

Niliposhuka, wachimbaji walikuwa wamesimama. Ramazani, yule Mwislamu mrefu aliyekuwa akichimba pamoja na Faustini na kulala naye kibanda kimoja, alitoka mbio akaja mpaka kwenye makuti. Alikuwa matope mwili mzima.

"Dada Mauwa, iko kitu inagonga kule chini. Kidogo kidogo. Inagonga, inanyamaza, inagonga tena."

Mwingine nyuma yake akasema, "Ni maji ile. Maji inashuka, mawe inakaa vizuri. Shimo yote inagonga ikisha kuanguka."

Pedeje naye akaja. Mtu mnene, mpole wa maneno, ndiyo maana simpendi. Akasema watu wamechoka, udongo wa juu umeanza kupasuka, akiendelea atawazika wengine watano. Akasema, "Mama wa chakula, ni ndugu yako. Miye siwezi kusema tuache, siwezi kusema tuendelee. Sema wewe."

Huo ndio utaratibu wa huku: ndugu ndiye anayefunga msako, ili kesho asimdai mtu. Nikamtazama Ramazani. Akaniambia, "Kuja usikilize mwenyewe. Lala chini, utie sikio." Pedeje akamkemea, wengine wakaguna. Mwanamke aje alaze sikio kwenye shimo? Na wale waliokuwa na mashimo jirani wakaanza kusema kwamba wao pia wana watoto wa kulisha.

Nisikilize vizuri hapa, Baba, maana hapa ndipo penyewe. Wewe ulinifundisha kutoogopa mwiko. Nilipokuwa mdogo ulivuka nami mto mahali ambapo wazee walisema mwanamke asivuke, ukanishika mkono, ukacheka. Nilijua kabisa makuti yale ni makuti tu. Lakini nilifikiri: nikivuka, na wasimpate, na kesho shimo lingine likaanguka, nani atakula kwangu? Nitarudi wapi? Na nilimfikiria Mama na maji anayokataa. Ndani yangu nilikuwa tayari nimeshamuua Faustini, nataka tu kitu cha kumpelekea Mama. Nikasema, "Basi. Acheni."

Ramazani alikaa chini palepale akafunika uso. Wengine walikuja mmoja mmoja kunipa mkono wa pole.

Kitu cha kumpelekea Mama hakikuwapo. Kwa kweli wazo la mgomba halikuwa geni, watu wa huku wamelifanya kwa ndugu zao waliozama majini, lakini wao wanasema wazi: huu ni mgomba, tunazika jina la mtu wetu. Mimi sikutaka kusema wazi. Mama hakuomba jina. Nikaenda nyuma ya jiko, nikakata mgomba, nikauvisha suruali na shati la Faustini, nikaufunga shuka, blanketi, mkeka, na turubai juu. Sumaili ndiye aliyesema kwamba watu wa nyumbani watataka kufungua, kwa hiyo lazima pawe na harufu. Harufu niliitoa mimi jikoni kwangu: matumbo ya mbuzi yaliyokaa juani. Niliyafunga ndani ya mkeka kwa mikono hii inayokuandikia.

Tulisafiri siku mbili, Sumaili na mgomba mbele, mimi nyuma kwa pikipiki nyingine. Kila kijiji watu walisimama, wanaume wakavua kofia, akina mama wakaniimbia. Nililia kweli, Baba. Hilo sikuliigiza. Nilimlilia Faustini kwa machozi ya kweli nyuma ya mgomba, na mpaka leo sijui machozi yale niyaweke wapi.

Mengine uliyaona mwenyewe. Ulisogea, ukasikia harufu, ukawaambia watu wasifungue, wamkumbuke kama alivyoondoka akiwa na afya na mdomo wake wa utani. Mama alilala juu ya turubai akalikumbatia. Ukahubiri kama sijawahi kukusikia ukihubiri. Ulisema Mungu alimnyima Mama mwili wa Leonardi lakini amemrudishia huyu, na kwamba mtu akiwa na kaburi la mwanawe ana mahali pa kusimama siku ya ufufuo. Jioni Mama alikula. Alikula sombe na kipande cha samaki, akaomba aongezwe. Wewe ulinitazama na macho yako yalikuwa yanashukuru. Nilitoka nje nikasugua mikono kwa majivu.

Ndio moyo wangu mgumu huo. Ulitaka nitume neno la faraja. Neno gani? Kila nilipofungua mdomo nilisikia harufu ile.

Na hapa machimboni wafariji hawakosi. Yuko mchungaji wa kanisa la turubai, anahubiri kwa kipaza sauti kinachokoroma, aliniambia nisilie kwa sababu Faustini sasa yuko mahali pazuri. Nikamwambia mahali alipo tunapajua wote, ni pale chini ya udongo, kama ni pazuri ateremke akamsalimie. Hajala tena kwangu. Mama mmoja wa shirika letu la hapa alisema Mungu huchuma maua yaliyo mazuri. Nikamuuliza kwa nini basi hakumchuma pedeje. Hilo lilikuwa kosa, najua, usinihubirie.

Sasa habari za majuma haya matatu. Kiangazi kimeingia, udongo umekauka, na pedeje amefungua shimo upya. Unajua kwa nini? Wachimbaji wanaamini shimo lililomeza mtu linatoa dhahabu nyingi. Watu waligombania nafasi ya kuchimba pale mdogo wangu alipo. Wale wale waliokula chakula changu. Ramazani aliomba kazi ile naye, nikamchukia kwa siku kumi na sikumsemesha. Kumbe alikuwa na shabaha yake.

Alikuja asubuhi, kabla sijapakua chakula cha kwanza. Hakunawa, hakukaa. Akasema, "Dada, tumemufikia."

Niliendelea kukoroga uji. Sijui kwa nini. Niliogopa ungeungua.

"Uko na hakika ni yeye?"

"Iko na ule mukaba wa ngozi wa kiunoni wenye tulikata tundu pamoja. Na ile jino yake ya mbele yenye ilivunjika."

Nikaipua sufuria. Nikauliza, "Amekaaje?"

"Amekaa. Magoti iko hapa," akagusa kifua chake. "Udongo haukumuangukia, Dada. Mahali alikuwa palibaki wazi. Mavazi ya juu alikuwa amevua, amekunja vizuri, ameketia. Na iko tundu."

"Tundu gani?"

"Ameichimba yeye. Kwa baramini, ile chuma yake ya kuchimbia, halafu kwa mikono, baramini imepindika. Alikuwa anachimba kuja upande wetu. Na siye tulikuwa tunachimba kuenda upande wake. Nimepima. Kati ya tundu yake na mahali tuliacha siku ile, ni mupini moja wa jembe. Haifiki hata."

Nikamuuliza kama Faustini alikuwa hai siku ya tano.

"Mungu ndiye anajua."

"Usinijibu kama katekista. Nijibu kama muchimbaji."

Ramazani aliinamisha kichwa. Akasema, "Mutu hawezi kuchimba tundu ya vile kwa siku moja. Wala kwa mbili. Na hewa ndogo vile, anachimba, anapumzika, anachimba. Anagonga, anapumzika."

Nilivuka makuti, Baba. Safari hii nilivuka. Nilikwenda nikiwa na mwiko wa kukorogea uji bado mkononi, na wanaume wakapiga kelele, na pedeje akaja ananikimbilia, mikono juu: "Mama, rudia! Rudia, zahabu itakimbia!" Nikamwambia ikimbie. Hakuna aliyenigusa. Nikafika kwenye mdomo wa shimo na kumbe ni shimo tu, udongo mwekundu, miti imepangwa pembeni, kamba imening'inia. Niliwahi kuliogopa hili? Nikalala kifudifudi nikaweka sikio, hivyo hivyo, wakati hakukuwa na kitu cha kusikiliza tena.

Walimtoa kwa kamba. Udongo ule wa mfinyanzi umemhifadhi kuliko nilivyotegemea. Ni yeye. Suruali ina kiraka nilichoshona mwenyewe, uzi wa bluu kwa sababu mweusi uliniishia, na alinitania juma zima. Kucha za mikono yote miwili zimekatika. Hilo nakuandikia wewe tu, na hilo ndilo peke yake ninalokuomba umfiche Mama.

Wachimbaji walitaka kumwita yule mchungaji wa kipaza sauti nikakataa. Tumemlaza kwa muda nyuma ya jiko langu, chini ya udongo kidogo, ndani ya kitenge kipya na mkeka. Sikuweka msalaba. Ramazani aliniuliza kama anaweza kusema maneno ya dini yake, nikamwambia aseme. Akasimama, akayasema kwa upole, akamalizia kwa kumwambia Faustini, kwa Kiswahili, amsamehe. Mimi nilisimama pembeni nikashindwa kusema hata hilo.

Nataka nikuulize jambo, na unijibu kama baba kwanza, kama katekista baadaye. Ile ibada uliyoifanya juu ya mgomba, Mungu aliisikia? Kama aliisikia, aliihesabu ya nani? Yeye alijua ndani ya turubai mna nini. Alijua pia kwamba chini kule, siku mbili kutoka kwenu, mtu labda bado anakwaruza udongo, na sisi tunaimba nyimbo za kumsindikiza. Na akanyamaza. Mimi nilidanganya kwa ajili ya Mama, ale. Yeye alinyamaza kwa ajili ya nani? Nimemuuliza mara nyingi pale jikoni, kwa sauti, mpaka wateja wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Sala zile za kushukuru nimeziacha. Siwezi, Baba, zinanikwama. Imebaki sala moja tu na hiyo naisema kila siku. Naomba awe alikuwa pale chini. Wakati mimi nimesimama kwenye makuti na sufuria, naomba Yeye awe alikuwa ameketi karibu na Faustini gizani mle, amemsikia anavyopumua, amemwita kwa jina. Wewe umefundisha miaka yote kwamba aliingia kaburini kabla yetu. Basi naomba liwe kweli, si kwa maneno ya mahubiri, liwe kweli kwa galeri ile. Likiwa si kweli, sina kazi na mengine yote. Likiwa kweli, nitajaribu tena. Hilo ndilo tumaini langu lote na ni dogo, usiliongezee.

Sasa jambo la kufanya. Nimefikiria kumzika hapa hapa na kunyamaza. Ingekuwa rahisi. Mama angebaki na kaburi lake na maua yake, wewe ungebaki na shule yako ya imani, na mimi ningezoea. Sumaili alinishauri hivyo, na Sumaili si mtu mbaya. Lakini nimeshamfunga Faustini mara moja kabla ya wakati, kwa ajili ya Mama ale. Sitamfunga mara ya pili.

Ninakuja naye. Sumaili akirudi huku na jibu lako au bila jibu, tutaondoka siku itakayofuata, na Ramazani atakuja nasi. Ninakuomba ufungue kaburi lile mchana, watu wakiona, mtoe mgomba. Uwaambie wewe mwenyewe mbele ya shirika, au nyamaza, nitasema mimi. Najua watacheka. Watasema katekista aliuombea mgomba upumzike kwa amani, na wale wa kanisa la ng'ambo ya barabara watalitia kwenye mahubiri yao mpaka Krismasi. Wacheke. Utakapowafundisha tena habari ya ufufuo watajua angalau kwamba unazika watu.

Mama ndiye ninayemwogopa. Anaweza kuacha kula tena. Anaweza kunikana, na akinikana sitamlaumu. Mwambie kabla sijafika, asinione barabarani na mkeka wa pili akafikiri ni mtoto mwingine. Mwambie uongo ulikuwa wangu, wewe hukujua. Usimwambie nilifanya kwa ajili yake, maana atalibeba yeye, na mzigo huu una mwenyewe. Akiuliza kama aliteseka, mwambie alikuwa anarudi. Hilo ni kweli, hata wewe unaweza kulisema bila kuungama.

Nisalimie shangazi Anzelina, muuza chumvi, na umwambie ule wimbo alioniimbia njiani siku ile bado ninao. Nisalimie mjomba Kalunga, mpiga ngoma wa kapela, asipige ngoma nikifika. Nisalimie wifi yangu, mjane wa Leonardi, ambaye hana hata mgomba. Bibi Zaina jirani, mwambie namletea mwiko aliouomba. Mama usimpe salamu zangu. Nitamsalimia mwenyewe, akinikubalia.

Ni mimi binti yako,
Mauwa

Baba, moja tena, nilitaka kusahau. Mkishautoa mgomba, msimwingize katika shimo lile lile jinsi lilivyo. Mgomba niliukata mfupi, usipite upana wa pikipiki na kugonga miti njiani, na ninyi mlichimba kwa kipimo cha turubai. Faustini ni mrefu kuliko vile. Mwombe mjomba aongeze upande wa miguuni. Amekaa amekunja magoti miezi minane, Baba. Nataka anyooke.